Chachu Kabla ya Mkate: Asili ya Uokaji wa Nyumbani Kabuchai

Mtu anayeanza kujifunza kuoka nyumbani katika nchi ya Kabuchai, huko Bungoma magharibi mwa Kenya, awe ni binti aliyemaliza shule juzi au mama mwenye wajukuu, aghalabu huingiwa na hofu ya mambo mawili, tanuri asilokuwa nalo na hamira asiyoielewa, akadhani kwamba sanaa hii ilitoka ng'ambo ikiwa imekamilika na kwamba wazee wake hawakuwa na fungu lolote ndani yake. Dhana hiyo naikataa, kwa kuwa tarikhi ya Bungoma yashuhudia kinyume chake.

Kwa Wabukusu, wenyeji wa huku, busaa, yaani pombe ya kienyeji waiitayo kamalwa, ilikuwa kazi ya wanawake, nayo ilitaka elimu ya subira. Wimbi hulowekwa na kufunikwa hata lichipue, kisha huanikwa na kusagwa likawa kimea. Unga wa mahindi nao hukandwa kwa maji, huachwa siku kadhaa hata uchachuke, halafu hukaangwa juu ya bati motoni mpaka ubadilike rangi. Na viwili hivyo vikikutanishwa na maji ndani ya mtungi, mama hukaa akisikiliza mchemko usio na moto, akijua kwa harufu na kwa joto la mtungi saa ambayo kazi imeiva. Mwokaji wa mikate hahitaji maarifa ya chachu yaliyo makubwa kuliko hayo. Wataalamu waliochunguza busaa wamethibitisha kwamba kijidudu kiitwacho Saccharomyces cerevisiae, kinachofanya kazi mtungini, ndicho kilichomo katika hamira ya dukani.

Basi kilichokosekana hakikuwa chachu, bali ngano, na moto wa kuzunguka pande zote. Wimbi na mahindi hayana gluteni, yaani ule utando unaonyumbuka ukashika hewa ndani ya donge. Ngano inao, ndiyo maana huumuka. Nafaka hiyo ilienea Trans Nzoia, nchi jirani, pamoja na masetla wa Kizungu, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiingereza walipogawiwa mashamba mwaka 1919, na reli ya tawi ilipofika Kitale mwaka 1926 mazao yakapata njia ya kwenda sokoni. Wabukusu wengi walikwenda huko kutafuta kazi na malisho, wakakaa kama maskwota katika mashamba hayo, na kwa kuwa desturi ya masetla ilikuwa kumwajiri mwanamume jikoni, mikono ya Kiafrika iliyotangulia kukanda ngano pande hizi aghalabu ilikuwa ya wanaume.

Wamishonari wa Quaker, waliofika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902 na baadaye wakajenga Lugulu, waliwakataza waumini wao pombe. Sikusudii kubishana nao juu ya ulevi, ambao umevunja nyumba nyingi. Lakini nasikitika kwamba pamoja na pombe, ustadi wa kimea nao ulianza kuhesabiwa aibu, hata wasichana wakafundishwa hamira kama jambo jipya kabisa ilhali bibi zao walikuwa mabingwa wa jamaa yake. Kilipoanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, vilabu vyake vikafundisha ushonaji, malezi na upishi, na keki ikapata kupikwa na wake wa vijijini wasiopata kuingia jikoni kwa setla.

Ama moto wa kuzunguka, ukosefu wa tanuri haukuwa kizuizi. Watu wa pwani wamezoea tangu zamani kuoka mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko, na akina mama wa bara hufanya vivyo hivyo kwa sufuria: kubwa hutiwa mchanga, ndogo yenye donge huketishwa juu ya mchanga huo, na makaa hugawanywa chini na juu ya kifuniko. Hapa ndipo mwanafunzi wa kwanza hukosea, akapalia makaa chini kwa wingi, ilhali moto wa chini wapaswa kuwa mchache na wa juu kuwa mwingi, kwa kuwa joto hupanda lenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya mapishi vya London haviwezi kumwonya mtu wa Kabuchai. Nchi hii imepanda kuelekea Mlima Elgon, na Kitale, mji wa jirani, ipo yapata mita 1,900 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa, kwa kuwa nyepesi, haiigandamizi keki ipasavyo. Hivyo keki iliyopimwa kwa kipimo cha nchi tambarare huumuka kwa pupa, kisha huporomoka katikati kabla haijashikamana. Dawa yake ni kupunguza kidogo poda ya kuumulia na kuongeza maji kidogo, na donge la hamira litazamwe kwa macho wala si kwa saa, kwa sababu huku huumuka upesi.

Na wimbi linalouzwa katika soko la Chwele lafaa kurudi mezani kwa mlango huu: robo ya unga wake kwa robo tatu za ngano hutoa mkate wenye rangi ya udongo na harufu ya nyumbani, ingawa hautapanda sana, na anayeanza afadhali akande robo hiyo kwanza, akaongeze wimbi kadiri mkono wake unavyolizoea donge.