Boti Ambayo Haikuwemo Kitabuni

Nilikuwa na vidokezo vinne tu: mpelelezi kutoka Tanzania anayeitwa Ekai, safari ya Nairobi, karatasi za siri zilizoibiwa, na boti inayofukuzwa usiku ziwani kuelekea kisiwa chenye mamba. Jalada la kitabu sikuwahi kuliona. Kwa miaka mingi nilimwuliza kila mtu aliyesoma riwaya za Kiswahili kabla yangu, na jibu lilikuwa lile lile: ya boti na mamba? Hapana, hiyo siijui.

Nilikisikia kitabu hicho nikiwa mtoto kule Longech, ule ulimi wa mchanga unaotenganisha Ghuba ya Ferguson na Ziwa Turkana, ng'ambo ya Kalokol. Mjomba alikuwa mvuvi. Alikipata kwa dereva wa lori la samaki wakavu, kurasa za mwanzo zikiwa zimeshatoka. Za mwisho ziliishia kuwashia moto. Yeye ndiye pekee pale kwetu aliyekuwa amemaliza shule ya msingi, kwa hiyo jioni upepo ukipungua alikaa nje na tochi yake: anasoma kidogo, anageuza kwa Kiturkana, anajibu maswali. Kwani huyu anavaa suti kwenye joto lote hilo? Kwa nini hawa ng'oroko wanaiba makaratasi badala ya mbuzi?

Mwaka jana alinipigia simu. "Macho yangu yamekwisha," akasema. "Tafuta kile kitabu cha Ekai. Safari hii utasoma wewe."

Basi nikageuka mpelelezi. Nilianza na wakubwa. Mohammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa na kiko chake katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichotoka mwaka 1960. Lakini Bwana Msa ni wa Unguja, na kazi yake ni kufikiri zaidi kuliko kukimbia. Huyo si Ekai. Faraji Katalambulla aliandika *Simu ya Kifo* mwaka 1965: kuna polisi, kuna mauaji, karatasi za siri hakuna. Ben Mtobwa naye ana Joram Kiango, jamaa anayependwa sana Dar es Salaam. Nikasoma, nikafurahi, lakini boti sikuiona.

Mwishowe nilisimama kwenye meza ya vitabu vya mitumba katikati ya Nairobi. Mwuzaji, mzee mwenye sweta, alinisikiliza hadi mwisho. "Mpelelezi Mtanzania anakuja Nairobi kufuata nyaraka zilizoibiwa? Huyo ni Willy Gamba. Hiyo ni ya Musiba."

"Na boti?"

"Wacha boti kwanza. Nipe wiki mbili."

Zilikuwa tatu. Kitabu kilikuwa *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba, kilichochapishwa mwaka 1974 na East African Literature Bureau. Jina hilo la mchapishaji ndilo lililonieleza kitabu cha Mtanzania kingewezaje kuzunguka hadi ufukwe wa Turkana. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1948 kuhudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, na Unguja pia. Mwandishi wa Dar na msomaji wa Kitale walikuwa chini ya mwavuli mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Upande wa Kenya shirika likawa Kenya Literature Bureau. Nakala zilizokuwa zimeshavuka zikabaki zikipita mkono hadi mkono, zikipoteza majalada njiani.

Nilikisoma usiku mmoja. Nilichokuta kilinifanya niketi wima. Karatasi zile zilikuwa siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU yalikuwa Dar es Salaam tangu 1963, na hatari yake haikuwa hadithi: Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapo hapo Dar na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa kwa posta. Kitabu cha Musiba kilipotoka, Msumbiji ilikuwa bado haijapata uhuru. Iliupata mwaka 1975. Msomaji wa wakati ule alijua vizuri Willy Gamba anamkimbiza nani.

Sisi wa Longech hatukujua. Mjomba hakuwa na neno la Kiturkana la kumweleza kaburu kwa watoto, ila neno la mtu anayekuja usiku na bunduki kukunyang'anya kilicho chako alikuwa nalo. Akasema ng'oroko. Kila mtu akasogea karibu na moto.

Lakini boti haikuwemo. Wala kisiwa, wala mamba.

Nilipanda basi hadi Lodwar, kisha gari la Kalokol. Mjomba alihamia huko ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za ufukweni, mwaka 2020. Nikaketi kando yake nikaanza: Willy Gamba…

"Nani?"

"Ndilo jina lake, mjomba."

"Soma Ekai."

Nikasoma Ekai. Wajukuu wakaja, mmoja mmoja. Siku ya pili nikamwuliza kuhusu boti.

Alicheka mpaka akakohoa. "Kurasa ziliisha, na nyinyi mlikuwa mmekaa mnaningoja. Ningesema nini? Nikamleta Ekai ziwani, nikampa boti yangu." Kisha akaacha kucheka. "Mwisho wenyewe sijawahi kuujua. Miaka hiyo yote nimekuwa nikijiuliza kama yule mtu alipona. Soma."

Nikasoma hadi mstari wa mwisho, polepole, nikigeuza kwa Kiturkana kama alivyofanya yeye. Alikaa kimya muda mrefu, uso ukiwa umeelekea ziwani.

"Ni sawa," akasema. "Lakini ya boti ilikuwa nzuri zaidi."