Ekseli, Mhimili na Shafti: Istilahi za Gari la Porini na Historia Yake

Kuna sehemu ya gari ambayo katika tafsiri zetu huitwa mara mhimili, mara ekseli, mara shafti, na kila mfasiri hulitetea jina alilolichagua. Mabishano hayo yangekuwa madogo kama yangehusu sura ya maneno tu. Lakini vinavyotajwa kwa majina hayo si kitu kimoja. Kipo kinachobeba uzito wa gari, na kipo kinachozungusha magurudumu. Ofisi ikiagiza kimoja kwa jina la kingine, italetewa kisichotakiwa, na gari la zahanati litaendelea kukaa juu ya mawe mpaka hati zirudiwe. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hizo mbili, kubeba na kuzungusha, zilivyotenganishwa katika historia ya magari ya porini, kisha yanatazama ni majina gani yanayoweza kuulinda utengano huo katika Kiswahili.

Katika mkokoteni hapana utata. Chuma hukatiza chini ya sanduku, mzigo hukaa juu yake, na magurudumu huzunguka kwenye ncha zake. Kazi yake ni kubeba tu. Hata malori mengi ya awali yalikuwa hivyo: nguvu ya injini ilifika kwenye gurudumu kwa mnyororo, mfano wa baiskeli, na chuma cha chini kikabaki na kazi yake ya zamani. Matatizo yalianza pale wahandisi walipotaka chuma hicho kibebe na papo hapo kizungushe. Kwanza, gari linapokata kona gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani, kwa hiyo hapakuwa na budi kukikata chuma mara mbili na kutia katikati yake gia za kugawa mzunguko, ambazo gereji zetu zote huziita difu. Pili, vile vipande viwili vilivyopatikana, ambavyo fundi huviita hafushafti, sasa vilihitaji bomba la kuvifunika. Tangu hapo jina moja la Kiingereza likawa linafunika familia nzima: bomba, difu, na hafushafti zake mbili. Mkanganyiko wetu umetoka huko. Sisi tumeurithi tu.

Gari lililoonyesha njia nyingine lilikuwa lori la Jeffery Quad, lililoanza kuundwa Kenosha, Wisconsin, nchini Marekani, mwaka 1913. Lori hilo lilivutwa kwa magurudumu yote manne, tena yote manne yalipinda kufuata usukani. Lakini lenye maana zaidi kwetu ni umbo la ekseli zake. Waundaji waliuacha mwamba wa chuma ubebe uzito peke yake, kama katika mkokoteni, na shafti za kuzungusha wakazipitisha juu ya mwamba huo mpaka kwenye gurudumu, ambako gia ndogo iliisukuma gia kubwa yenye meno kwa ndani. Mwaka 1916 jeshi la Marekani lilipomfuatia Pancho Villa katika majangwa ya kaskazini mwa Meksiko, malori ya namna hiyo yalikuwa miongoni mwa yaliyochukua vyakula na risasi.

Katika miaka hiyo hiyo vita vilikuwa vikipiganwa katika Afrika Mashariki pia, na huku magari hayakuwa na bahati hiyo. Masika ya mwaka 1917 yaliyageuza mabonde ya Rufiji kuwa matope, malori yakakwama, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa vita hivyo, jina la Kiingereza lililosagwa na ndimi za wenyeji mpaka likawa letu. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Nimelitaja jambo hili kwa sababu kitenzi chetu cha kubeba mzigo mzito na kuuvumilia, himili, kina asili ya Kiarabu iliyo katika maana ya kubeba, na ndicho kilichozaa mhimili. Kwa hiyo anayeiita shafti ya kuzungusha mhimili anaipa kazi isiyo yake.

Ubebaji na uzungushaji ulipozidi kuchanganywa katika magari madogo, zilijitokeza namna mbili za kuiweka hafushafti, na mnunuzi wa gari la porini hana budi kuzijua. Katika namna ya kwanza gurudumu hufungwa kwenye ncha ya hafushafti yenyewe. Hapo hafushafti huzungusha na pia hubeba; ikikatika, gurudumu laweza kutoka nayo. Katika namna ya pili gurudumu huzunguka juu ya beringi zilizokaa nje ya bomba, na bomba ndilo linalobeba uzito wote. Hafushafti huzungusha tu. Ikivunjika porini, fundi huifungua bolti zake, huichomoa, na gari hubaki limesimama juu ya magurudumu yake bila jeki. Malori karibu yote hutumia namna hii ya pili.

Hapa tafsiri ya neno kwa neno imetuletea maajabu. Kiingereza huiita namna hii ya pili kwa sifa ya kuelea, na nimekwisha kuona maandishi ya “ekseli inayoelea,” kana kwamba gari ni ngalawa. Ekseli ya kubeba tu, isiyozungusha, huitwa katika Kiingereza iliyokufa. Lakini katika gereji za Tanzania kitu kilichokufa ni kibovu: injini imekufa, betri imekufa. Mtunza stoo akisoma “ekseli mfu” ataandika kwamba inatupwa. Tukifuata kazi badala ya taswira ya wageni, hatupati shida yoyote: ekseli ya kubeba na ekseli ya kuvuta, hafushafti inayobeba na hafushafti isiyobeba. Maneno hayo si ya kupendeza sana, nakiri, ila yanaeleweka na mtu ambaye hajafika darasa la ufundi.

Upande wa matairi, somo kubwa lilipatikana katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1941 kampuni ya GMC ilianza kuliundia jeshi la Marekani lori la tani mbili na nusu lenye ekseli tatu, zote za kuvuta, na matairi kumi: mawili mbele, na manne kwa kila ekseli ya nyuma, yakifungwa mawili mawili pamoja. Mwaka uliofuata lori hilo hilo likapewa bodi ya mashua, likaitwa DUKW, likatumwa kutoka melini hadi fukweni. Waundaji waliyaondoa matairi ya mawili mawili, wakafunga moja moja, makubwa zaidi, na wakampa dereva njia ya kupunguza na kuongeza upepo akiwa amekaa kitini. Sababu ni rahisi kuielewa kwa yeyote aliyewahi kukwama mchangani. Tairi la mbele hulikandamiza lindi, na tairi la nyuma lililo sawasawa nyuma yake hupita palipokwisha kukandamizwa. Matairi yaliyofungwa mawili mawili hulazimika kuchimba mifereji mipya, tena hubana mawe katikati yao. Tairi lililopunguzwa upepo hutandaza nyayo zake na uzito huenea. Barabarani mambo hugeuka: huko matairi mengi hugawana mzigo, na lami hupumzika.

Lori lile la GMC lina funzo jingine kwa watu wa istilahi. Liliundwa kwa ekseli za namna mbili kutoka kwa waundaji tofauti, moja yenye bomba linalofunguka katikati kama ganda la korosho, nyingine yenye bomba zima lenye tumbo la duara, ambalo Wamarekani walilipa jina la ala yao ya muziki, banjo. Vipuri vya ndani havikuingiliana. Stoo ya jeshi iliyoandika “ekseli” pasipo kuongeza neno ilikuwa haijaandika kitu.

Baada ya vita, wazo la Quad la kuitenga shafti na kitovu cha gurudumu lilirudi Ujerumani katika Unimog, gari lililobuniwa na Albert Friedrich kwa ajili ya wakulima, likaanza kutengenezwa kwa mauzo mwaka 1948. Ekseli yake hukaa juu kuliko kitovu cha gurudumu, na gia zilizo ndani ya habu huteremsha mzunguko. Kwa hiyo tumbo la difu huinuka mbali na mawe hata kama tairi si kubwa sana. Istilahi yake ya Kijerumani na Kiingereza inataja lango. Mimi sioni lango. Naona ekseli iliyoinuliwa, na jina hilo linatosha.

Twende sasa Arusha, ambako karakana za magari ya watalii zimekuwa zikiyakata na kuyarefusha magari ya Land Cruiser, kuyatia viti zaidi, paa la kufunguka, na matangi ya ziada. Fundi anayefanya kazi hiyo anachagua ekseli na matairi kwa hesabu, hata kama haandiki hesabu yenyewe. Tuchukue tairi la kawaida la 7.50R16. Tarakimu ya kwanza ni upana kwa inchi, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na R huonyesha kwamba nyuzi za tairi zimelazwa kukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, ufundi uliouzwa na Michelin tangu mwaka 1949. Kipenyo cha tairi hilo ni karibu milimita 806. Mteja akitaka tairi la inchi 35, yaani milimita 889, tumbo la difu litapanda kwa sentimita 4 tu, nusu ya ongezeko lote, kwani nusu nyingine imekwenda juu. Lakini nguvu ya kusokota inayoweza kuifika hafushafti pale tairi linaposhika ardhi huongezeka kwa asilimia 10, na difu yenye uwiano wa 4.10 yapaswa kubadilishwa kuwa ya 4.52 hivi ili gari lipande mlima kama zamani. Tairi kubwa juu ya ekseli ile ile ni deni ambalo hafushafti ndiyo italipa.

Mafundi hao wana maneno yao, na mengi ni mazuri kuliko yetu ya mezani. Bomba la kuvutia hewa lililopandishwa mpaka usawa wa paa wameliita mkonga, na hakuna kamati iliyoketi. Meno ya tairi wengi huyaita kashata. Yakiisha, tairi ni kipara. Hewa ya tairi ni upepo. Lori hutajwa kwa idadi ya matairi yake, lori la tairi kumi, wala si kwa idadi ya magurudumu. Na hapo mfasiri ajihadhari, maana gurudumu ni rimu pamoja na tairi lake, na tairi ni mpira ule wa nje peke yake.

Tofauti hizo sasa zimeingia katika sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, huruhusu ekseli moja yenye matairi mawili kubeba tani 8, na yenye matairi manne tani 10, na gari zima lisizidi tani 56. Kwenye mizani, basi, faini hutegemea mambo mawili: ekseli ni nini, na tairi ni nini. Msafirishaji hatozwi kwa sababu ya shafti.

Kanuni yetu ya kawaida ya kuunda istilahi hututaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende kwa lugha za Kibantu, ndipo tukope mbali. Kwa kanuni hiyo mhimili ungeshinda, na kwa maana yake ya kubeba ungestahili. Hata hivyo mhimili umekwisha kulemewa. Katika jiografia ni mstari wa kuwazika ambao dunia huzunguka juu yake. Katika siasa ni Serikali, Bunge na Mahakama. Katika jengo ni mwamba unaoshikilia vingine. Na dereva, fundi na karani wa mizani wote wanasema ekseli. Kwa maoni yangu ekseli na ibaki jina la mkusanyiko mzima, kuanzia habu hadi habu. Bomba la ekseli liwe lile linalofunika na kubeba; difu ibaki difu; hafushafti iwe ile inayozungusha, na isiitwe ekseli kamwe, hata pale orodha ya vipuri ya Kiingereza inapofanya hivyo. Mhimili uachwe kwa wanafizikia na wanajiografia.

Limebaki tairi moja pana linalofungwa mahali pa matairi mawili, ambalo wasafirishaji bado wanalitaja kwa Kiingereza. “Tairi pana” halitoshi, kwa kuwa hata la gari dogo laweza kuwa pana. “Tairi pana la badala” linaeleza kazi yake, ila ni refu kwa mtu aliye dirishani pa mizani na foleni nyuma yake. Wenye neno fupi zaidi, hasa walio karibu na mafundi wa Mbeya, Makambako na Tunduma, ambako malori hayo hupita usiku na mchana, waliandike na kulituma.