A ni ya nini? Historia ya vitabu vya alfabeti, na tufaha linalotusumbua

Mwambie mtengenezaji programu yeyote akuandalie kitabu cha alfabeti cha watoto, naye atakuchorea jedwali kabla hujamaliza sentensi. Safu ya kwanza herufi, ya pili neno, ya tatu picha. Mistari 26, kazi kwisha. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa kufikiri chuoni, na kwa kweli kwa mambo mengi hufaa.

Lakini fungua baadhi ya programu za simu zinazodai kumfundisha mtoto kusoma Kiswahili, utakutana na kituko hiki: herufi A, picha ya tufaha, na chini yake neno "tufaha". Mtu alichukua jedwali la Kiingereza, akatafsiri safu ya maneno, herufi na picha akaziacha zilivyokuwa. Jicho la mtoto linaona A, sikio lake linasikia T. Mtu mzima atacheka na kupita. Mtoto wa miaka minne hana la kucheka, kwa sababu ndiyo kwanza anajaribu kujua hizo alama ni za kazi gani.

Ukimlaumu mtafsiri peke yake utamwonea. Kitabu cha alfabeti ni teknolojia kama nyingine, kilitengenezwa na watu fulani kwa lugha fulani, na ndani yake mna maamuzi ambayo tumeyasahau. Leo nataka tuyafukue, halafu tuone ni yapi yanatufaa sisi.

Tuanzie Uingereza, kuanzia karne ya 15. Karatasi ilikuwa ghali, na mikono ya watoto ilikuwa ile ile ya leo. Basi walitengeneza kibao chenye mkono wa kushikia, wakabandika juu yake ukurasa mmoja tu, wakaufunika kwa utando mwembamba wa pembe ya mnyama uliokwanguliwa mpaka mwanga ukapita. Ukiona kibao hicho kwenye makumbusho utadhani ni tableti ya siku hizi, skrini na yote, ila betri haiishi. Juu paliandikwa alfabeti. Chini yake irabu, kisha silabi: ab, eb, ib, ob, ub, halafu ba, be, bi, bo, bu. Mwisho sala ya Baba Yetu. Picha za kumwonyesha mtoto herufi hazikuwamo. Zikumbuke hizo silabi, tutazirudia.

Picha zilikuja kwa nguvu mwaka 1658, mjini Nuremberg, Ujerumani. Mwandishi alikuwa Jan Amos Comenius, askofu wa Kiprotestanti aliyezaliwa Moravia (leo sehemu ya nchi ya Ucheki) mwaka 1592 na kufukuzwa kwao na Vita vya Miaka 30. Kitabu chake, Orbis Sensualium Pictus, kilikuwa na sura 150 hivi kwa Kilatini na Kijerumani, kila sura na picha yake. Vitu ndani ya picha vilipewa namba, na namba hizo hizo ziliwekwa kwenye maandishi, ili mtoto akisoma neno aweze kurudi kwenye picha na kukiona kitu chenyewe. Kwa lugha yetu, hivyo ni viungo vya kubofya, miaka zaidi ya 300 kabla ya wavuti.

Mwanzoni mwa kitabu Comenius aliweka alfabeti yenye wanyama, na hapa naomba msomaji usiende mbio. Penye A alichora kunguru. Penye B, mwanakondoo. Penye S, nyoka. Hakuwachagua kwa majina yao. Aliwachagua kwa sauti zao: kunguru analia "aa", mwanakondoo analia "bee", nyoka anafanya "sss". Herufi kwake ilikuwa alama ya sauti, na picha ilikuwa kitufe cha kuicheza sauti hiyo kichwani mwa mtoto.

Faida yake? Mwaka uliofuata, 1659, Charles Hoole alitoa toleo la Kilatini na Kiingereza, na kunguru aliendelea kulia vile vile. Hata leo ungeileta alfabeti hiyo Kisumu au Lamu, nyoka angebaki kwenye S ingawa jina lake kwetu linaanza na N. Comenius alikuwa ametenganisha picha na lugha. Mtayarishaji programu aliyewahi kuhangaika na ujanibishaji, yaani kuifanya programu izungumze lugha ya mahali, atamvulia kofia.

Ila mtindo uliokuja kutawala katika Kiingereza ni mwingine: herufi ya kwanza ya neno. Mwishoni mwa karne ya 17, Benjamin Harris alichapisha mjini Boston kitabu cha shule kiitwacho The New England Primer, kilichotumika Marekani kwa vizazi kadhaa. Nakala kongwe iliyobaki ni ya 1727. Humo A iliandamana na Adamu, na kila herufi ilikuwa na picha ndogo iliyochongwa kwenye mbao pamoja na beti fupi. Huko Uingereza kulikuwa na wimbo wa mkate wa matufaha, ambapo kila herufi inafanya jambo lake kwa mkate huo: moja inauma, nyingine inakata. Ulikwisha kujulikana mwaka 1671. Tufaha letu linatoka katika ulimwengu huo, ambapo "apple" lilikuwa neno fupi, tunda la kawaida, na lilianza na A. Kwa Kiingereza lilikuwa chaguo zuri kabisa.

Kwa kuwa hii ni blogu ya watu wa programu, niruhusuni vichekesho viwili vya msimbo wa urithi. Cha kwanza: mwaka 1886 Kate Greenaway alichora wimbo huo wa mkate kwa picha nzuri sana, lakini kitabu chake kinaruka kutoka H hadi J. I haimo. Wimbo ulitungwa enzi ambazo I na J zilihesabiwa herufi moja, na zaidi ya miaka 200 baadaye pengo lilikuwa bado liko pale pale. Cha pili ni X. Kiingereza kina maneno machache mno ya kawaida yanayoanza na X, kwa hiyo watoto wa Boston walifundishwa Xerxes, mfalme wa Uajemi. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale aliyoiita X, na waandishi wa vitabu vya alfabeti wakapata mkombozi. Mtoto akawa anasoma picha ya mifupa kwa sababu jedwali lina mistari 26 na lazima yote ijazwe!

Sasa turudi nyumbani. Pwani yetu ilikuwa na njia yake ya kufundisha herufi muda mrefu kabla ya tufaha kufika. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na chuoni mtoto alianza na ubao wa mti, alifu na be. Picha hazikuwamo. Mtoto aliitamka herufi pamoja na irabu zake: ba, bi, bu. Neno "irabu" lenyewe tumelitoa huko kwenye Kiarabu. Linganisha na kile kibao cha pembe. Watu wawili wasiojuana, pande mbili za dunia, walifikia silabi.

Karne ya 19 wamisionari walileta herufi za Kirumi. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf ikatoka 1882. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza, ikasimamia tahajia sanifu. Q na X hazikuhitajika. C ikabaki kwa ajili ya ch tu. Yule Xerxes hakuwa na kazi kwetu.

Mojawapo ya vitabu vya alfabeti ya Kiswahili vilivyojulikana sana duniani kilitokea Marekani. Muriel Feelings aliwahi kufundisha Uganda miaka ya 1960, na mchoraji Tom Feelings aliwahi kufanya kazi Ghana. Kwanza walitoa Moja Means One (1971), kitabu cha kuhesabu, kisha Jambo Means Hello (1974), cha alfabeti. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha Marekani, mwaka 1972 na 1975. Jambo Means Hello kina herufi 24 badala ya 26. Hawakutafuta neno la kubandika kwenye Q ili jedwali lijae. Waliuliza kwanza lugha ina nini, ndipo wakachora, na walichora maisha ya watu wa huku. Kumbuka pia kwamba walengwa wao walikuwa watoto wa Marekani, hasa wenye asili ya Afrika, waonje lugha ya Kiafrika na waione Afrika kwa heshima. Hakikukusudiwa kumfundisha mtoto wa Machakos kusoma. Hiyo ni kazi nyingine, na ina mitego yake.

Mtego wa kwanza ni wingi. Kiingereza kwa kawaida hubadilisha mwisho wa neno, hivyo mchoraji akichora tufaha moja au matano, A inabaki A. Kwetu mwanzo ndio unaobadilika. Chora kiti kwa ajili ya K, vizuri. Ongeza cha pili ili picha ipendeze, mtoto atasema "viti", na K imepotea. Chora uso kwa ajili ya J ukitaka "jicho", atasema "macho". Jino ni meno, ua ni maua, ulimi ni ndimi. Mchoraji wa Kiswahili anapaswa kuhesabu vitu kabla ya kupaka rangi. Hakuna mahali kwenye jedwali la Kiingereza panapokuonya kuhusu hilo.

Mtego wa pili ni N na M. Weka nyoka, ng'ombe na ndizi chini ya N, utakuwa umempa mtoto sauti tatu na kumwambia ni moja. Weka maji, mbuzi na mti chini ya M, hali ni hiyo hiyo: kwenye "mti" hiyo M ni silabi nzima peke yake. Ny na ng' hazina mstari wao katika alfabeti ya A mpaka Z, ingawa kila siku tunazitamka. (Waulizeni kina Ng'ang'a jinsi fomu za mtandaoni zinavyolikataa jina lao kwa sababu ya ile alama. Wengi wa wanaotengeneza fomu hizo hawajui kwamba kwetu alama hiyo ni sehemu ya herufi.)

Sasa zile silabi. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika, jambo ambalo Kiingereza hakina. Chukua konsonanti tano tu: b, k, m, n, t. Zidisha kwa irabu tano, unapata silabi 25. Ziunganishe mbili mbili, unapata michanganyiko 625. Mingi haina maana, lakini ndani yake mna baba, bibi, kaka, kuku, bata, moto, meno, tano, nane. Mtoto aliyejifunza herufi tano na irabu tano tayari anasoma maneno kamili ya nyumbani kwao. Aliyekariri herufi 24 na picha 24 ana picha 24.

Walimu wanalijua hili siku nyingi. Ingia darasa la chini utasikia ma, me, mi, mo, mu, na mradi wa Tusome, ulioenea nchini Kenya kuanzia 2015, ulitilia mkazo sauti za herufi katika Kiswahili na Kiingereza. Tunaochelewa ni sisi wa tarakilishi, tunaochukua jedwali lililo tayari na kubadilisha safu moja.

Nini kifanyike? Mwenye kutaka kutengeneza kitabu au programu ya aina hii aanze na sauti badala ya herufi, na ny, ng' na ch zipewe mistari yao. Apange silabi kabla ya maneno. Kila picha iandikiwe kama ni umoja au wingi, na ipimwe kwa watoto: waonyeshe bila maandishi, usikilize wanaiitaje. Wakisema "macho", umeshajua. Picha nazo zipo. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi za watoto zenye picha, Kiswahili kikiwemo, chini ya leseni huria inayoruhusu kuzitumia upya. Kazi iliyobaki ni ya wikendi chache, si ya miaka.

Na ukikwama penye S, mchore nyoka. Comenius alishakuonyesha njia. Tufaha liweke kwenye T, linapostahili, na ukilichora hakikisha ni moja tu.