Choroko pori ya Madagaska na vita dhidi ya fukusi

Choroko, zao ambalo nchini Kenya hujulikana zaidi kwa jina la ndengu na ambalo wakazi wa Mombasa huliita pojo, huvumilia ukame shambani lakini hushambuliwa upesi ghalani. Adui wake mkubwa baada ya mavuno ni fukusi wa jamii ya Callosobruchus, ambaye si yule anayebungua mahindi. Kwa takriban miongo minne watafiti wamekuwa wakitafuta choroko ambayo mdudu huyo hawezi kuila, na sehemu muhimu ya jibu lao imetokana na mmea pori wa Madagaska.

Zao la muda mfupi

Choroko, ambayo kisayansi huitwa Vigna radiata, ilianza kulimwa katika Bara Hindi zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Takriban robo ya uzito wa punje kavu ni protini, na mizizi ya mmea huu hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuurutubisha udongo. Kwa kuwa hukomaa mapema, hulimwa sana katika maeneo yenye mvua chache, yakiwemo Kitui na Makueni nchini Kenya, na Shinyanga nchini Tanzania. Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, Korea Kusini, walichapisha ramani ya vinasaba vyake: jozi 11 za kromosomu na jeni zaidi ya 22,000.

Uharibifu usioonekana

Mashambulizi ya fukusi huanzia shambani. Jike hutaga mayai juu ya maganda yaliyokomaa au juu ya punje zenyewe. Buu anapoanguliwa hutoboa punje, huishi ndani yake, na hutoka akiwa mdudu kamili, akiacha tundu la mviringo. Katika hali ya joto, kizazi kimoja huchukua mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo gunia linaloonekana safi siku linapofungwa huenda tayari limebeba mabuu.

Choroko iliyobunguliwa hupungua uzito na thamani, na mara nyingi haioti inapopandwa. Mkulima anayehofia hasara hiyo huuza mara baada ya kuvuna, wakati soko limefurika na bei iko chini. Msimu unaofuata, hulazimika kununua mbegu kwa bei ya juu.

Mmea namba TC1966

Mwaka 1987, watafiti wa Japani walitangaza kwamba choroko pori kutoka Madagaska, iliyosajiliwa kwa namba TC1966, haikuathiriwa na fukusi. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba ukinzani huo hurithiwa kupitia jeni moja yenye nguvu. Yaani, kizazi kinachopokea jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu nacho hupata kinga.

Hata hivyo, mmea huo haukufaa kulimwa jinsi ulivyo. Punje zake ni ndogo na nyeusi, maganda hupasuka na kumwaga mbegu kabla ya mavuno, na shina lake hutambaa. Ilibidi uzalishwe na choroko ya kawaida, kisha watoto wake wazalishwe tena na tena na mzazi wa shambani, ili ukinzani ubaki na kasoro ziondoke.

Je, chakula hicho ni salama?

Swali zito zaidi ni hili: kama punje ina kitu kinachomuua mdudu, je, haitamdhuru mlaji? Mwanzoni walishukiwa viambata viitwavyo asidi za vignatiki, vilivyopatikana katika mbegu zilizotokana na TC1966. Lakini mwaka 1998 watafiti walionyesha kuwa sifa ya kutengeneza asidi hizo na ile ya ukinzani zinaweza kutengana katika uzao, hivyo asidi hizo si chanzo kikuu cha kinga. Utafiti mwingine ulielekeza macho kwenye protini zinazovuruga usagaji wa chakula tumboni mwa buu.

Kwa sababu ya wasiwasi huo, watafiti wamegeukia pia choroko zilizokwisha kulimwa na kuliwa na watu. Aina mbili za India, V2709 na V2802, zimo katika hazina ya mbegu ya Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye makao Taiwan na ofisi Arusha, Tanzania. Mwaka 2016, utafiti uliofanywa Thailand uliuhusisha ukinzani wa V2802 na jeni ya protini inayozuia kimeng'enya kinachoyeyusha kuta za seli za mimea.

Kinga iliyopo sasa

Mkulima asiye na mbegu kinzani anaweza kuanika choroko hadi zikauke vizuri, kisha kuzihifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko maarufu ya PICS, yenye tabaka tatu, ilibuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfuko ukifungwa barabara, oksijeni hupungua na fukusi hushindwa kula na kuzaliana, bila ya dawa kutiwa katika chakula. Mfuko ukitoboka, kinga hiyo huondoka. Mbegu kinzani, kinyume chake, hubeba kinga yake ndani ya kila punje, hata ile inayowekwa akiba kwa msimu ujao.