Ng'ang'a Si Nganga: Ritifaa Iliyozima Skripti Yangu

Wasee, wiki jana laptopu yangu ilikataa kuhifadhi video. Diski imejaa. Mimi hurekodi harusi hapa Matasia, kwa hivyo nina folda kibao. Nikaandika kaskripti ka kuzipima: `ls | xargs du -sh`. Kakakwama kwa folda ya Lang'ata. Nikatoa ritifaa, ikawa Langata, nikajaribu tena. Sasa naambiwa folda ya Nganga haipo. Nganga gani? Mimi niliandika Ng'ang'a! Na ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Nusura nifute harusi za watu wengine bure.

Kumbe hii stori ni ya kitambo. Unix ilianza 1969 huko Bell Labs, Marekani, na `du` ilikuwepo tayari 1971. Jina la folda liliruhusiwa kuwa na alama yoyote isipokuwa mkwaju (/) na baiti ya sifuri. Halafu miaka ya 1970 ikaja `xargs`. Kwake, nafasi hutenganisha majina na ritifaa hufungua nukuu. Lang'ata inafungua bila kufunga, basi inagoma. Ng'ang'a inafungua na kufunga, basi ritifaa zote mbili zinatupwa kimyakimya.

Na sisi tulipataje hiyo ritifaa? Alfabeti ya Afrika, iliyotengenezwa London 1928, ilikuwa na herufi ŋ. Waganda waliikubali rasmi 1947. Kiswahili sanifu kikabaki na ng', ambayo taipureta yoyote ingeweza kuipiga. Si urembo, jameni. Kung'oa ni jino; kulia ngoa ni wivu.

Dawa ipo:

`find . -mindepth 1 -maxdepth 1 -type d -print0 | xargs -0 du -sh`

Hapa majina yanatenganishwa kwa ile baiti ya sifuri, kitu pekee pamoja na mkwaju kisichoweza kuwa ndani ya jina. Njia hii iliingia kwenye kiwango rasmi cha POSIX 2024 tu, ingawa watu waliitumia miaka mingi kabla.

Kinachoniuma ni kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa kukata jina. Sikuuliza mashine ina shida gani. Niliona shida ni sisi. Ukiandika skripti, ijaribu kwanza na Ng'ang'a, Lang'ata na Murang'a. Ikishindwa, rekebisha skripti.

Folda yangu nimeirudishia ritifaa yake.