Namba Zilizopangwa Kikamusi katika Uruk ya Kale

Kupanga namba kikamusi ni kuzilinganisha kwa tarakimu ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea hivyo bila kujali zina tarakimu ngapi, kiasi kwamba 10 hutangulia 2. Utaratibu huu, ambao watumiaji wa kompyuta huudhania kuwa hitilafu, ulitumika kwa makusudi katika kibao cha udongo cha Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, kilichohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Kibao hicho, kazi ya karani Inaqibit-Anu wa enzi ya Waseleuki, katika karne za mwisho kabla ya Kristo, kina mamia ya namba na vinyume vyake, kinyume kikiwa namba ambayo ikizidishwa kwa mwenzake hutoa 1. Makarani wa Babeli waligawanya kwa kuzidisha kwa kinyume cha kigawanyo, kwa hiyo jedwali la namna hii lilikuwa nyenzo ya kazi.

Hesabu zao zilisimama juu ya 60, si 10, na maandishi yao hayakuonyesha ukubwa halisi wa namba: alama ya kabari moja ya wima iliweza kusomwa 1, 60, au sehemu moja ya 60, na karani ndiye aliyeamua kulingana na hesabu aliyokuwa akiifanya. Kwa mujibu wa upangaji wa kikamusi, 1 21, ambayo ikisomwa kama namba nzima ni 81 na kinyume chake ni 44 26 40, hutangulia 1 30, yaani 90, ambayo kinyume chake ni 40. Na zote mbili hutangulia 2, ambayo kinyume chake ni 30. Mahali ambapo ukubwa haukuandikwa, hapakuwa na mpangilio mwingine ulio wazi zaidi.

Ugumu wa kazi hiyo unastahili heshima kubwa, kwa kuwa baadhi ya namba zina tarakimu nyingi, na udongo ukishakauka haupokei mstari uliosahaulika. Yaelekea basi kwamba upangaji ulikamilika kabla kibao chenyewe hakijaandikwa. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani aliyechapisha makala juu ya hesabu za Babeli mwaka 1972, alikitaja kibao hiki katika historia ya upangaji wa data. Watunza kumbukumbu wa leo hulazimika kuandika 02 ili itangulie 10. Inaqibit-Anu hakuhitaji sifuri hiyo, maana kila namba yake ilianza kusomwa kwa tarakimu yake ya kwanza.