Pumzi Iliyopotea Kwenye Neno Kaa

Wadau, juzi niliposti video ya bibi yangu akisimulia utoto wake. Bibi alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akaolewa huku kwetu Shimoni. Katikati ya hadithi anasema, "Nilishika kaa, nikapiga ukelele." Nikaandika hivyo hivyo chini ya video. Kwenye komenti ikawa vita: aliungua na kaa la moto ama aling'atwa na kaa wa baharini?

Nikampelekea simu. Akacheka. "Mwanangu, mimi nimesema wazi. Wewe ndiye hukuandika."

Na ni kweli. Weka kiganja mbele ya mdomo. Kwa mtu wa Mombasa kama bibi, kaa la moto linatoka kavu, halina upepo. Kaa wa baharini anatoka na pumzi, unaisikia mkononi. Ni hivyo hivyo paa la nyumba na paa wa porini. Zamani majina ya ngeli ya N yalibeba n au m mbele. Ile sauti ikadondoka mbele ya k, p na t, ikaacha pumzi. Kaa la moto ni ngeli nyingine, wingi wake makaa, ndiyo maana halina pumzi.

Sasa pumzi hiyo ilipotelea wapi kwenye maandishi? Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kuna barua za Kilwa za mwaka 1711 hadi leo. Lakini Kiarabu hakina p wala ch, na alama zake tatu za irabu zilibidi zibebe irabu zetu tano. Msomaji alijazia mwenyewe. Baadaye mmishonari W. E. Taylor alikaa Mombasa, akafundishwa na Mwalimu Sikujua, na kwenye kitabu chake cha methali cha 1891 akajali pumzi hizi. Kumbe mtu akitaka, zinaandikika!

Halafu mwaka 1928 mkutano ukafanyika hapo hapo Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaanza kazi 1930. Tahajia ikawa moja, rahisi, na pumzi haikupewa alama. Siwalaumu sana. Bila hiyo, gazeti moja lisingesomeka Lamu na Mtwara. Lakini kurahisisha kuna bei, na bei alilipa bibi.

Mimi nilisoma isimu mwaka mmoja na nusu, ada ikanitoa. Kitu kimoja sikukiacha chuoni: alfabeti ya kimataifa ya sauti. Chama chake kilianzishwa Paris mwaka 1886, na wazo lake ni jepesi: sauti moja, alama moja, lugha yoyote. Kaa wa bibi anaandikwa [kʰaa], na ile h ndogo juu ndiyo pumzi yenyewe. Na usidhani haya ni mambo ya wazungu peke yao. Miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alikuwa London akimtamkia Lilias Armstrong sauti za Kikuyu, ndipo kikatoka kitabu cha 1940.

Wadigo hapa Kwale wanaandika ph kwenye kuphaha, yaani kupata. Hiyo si f. Midomo inakaribiana bila kufungana, na alama yake ni [β]. Ukiisoma kama f, Mdigo atakuona mgeni hapo hapo.

Maoni yangu ni haya: shuleni andika sanifu, upate maksi zako. Lakini ukirekodi wazee wako, andika walichosema, si ulichofundishwa. Alama ya ritifaa iko kwenye simu yako, haina gharama. Vijana wengi wa rika langu pumzi hiyo hawaitoi tena, na akiondoka bibi, video yangu ya kwanza isingemwambia mtu chochote.

Nimerekebisha maandishi. Sasa yanasema: "Nilishika k'aa." Alikuwa wa baharini, na kovu bado liko kidoleni.

Wewe, bibi yako anatamka neno gani ambalo hujawahi kuliona limeandikwa?